Shanga za Kaboni

Mwaka niliokuwa kidato cha pili sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni, na siku nyingi mtaani kwetu Ngamiani tulifua kwa majani ya mpapai. Mie nilishaamua: nitasoma kemia, nitengeneze sabuni, niwagawie kina mama wa mtaa mzima, tena bure! Niliota hivyo huku nasugua shuka, naliona povu ambalo halipo.

Lakini mwalimu wa kemia alisema vifaa hakuna, kidato cha tatu atachukua wachache tu. Kila mmoja atengeneze mfano wa atomi. Atakayekosea atafute masomo mengine. Mie nikapangiwa kaboni.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, mpambaji wa maharusi. Kiini nilikitengeneza mwenyewe: kokwa sita za ukwaju ndizo protoni, kunde sita ndizo neutroni, nikazigandisha kwa utomvu wa mkorosho. Waya wa breki ya baiskeli nikaukunja duara mbili, ndogo ndani ya kubwa. Zikabaki elektroni, na madukani hukuti hata kishikizo cha shati. Shangazi aliponiona nimejiinamia aliingia chumbani, akatoka na utunda wa shanga nyekundu. Ulikuwa wa kiunoni mwake, ule alioolewa nao. Akaukata mbele yangu.

"Shangazi!"

"Kelele! Mwenyewe kishakwenda mbele za haki, nani tena wa kuzisikia zikilia? Chukua."

Nikafunga shanga mbili duara ya ndani, nne duara ya nje, nikaenda kulala na furaha yangu.

Asubuhi nikakuta duara ya nje ina shanga nane, zimepangwa sawasawa kama hina kwenye kiganja.

"Uliacha mapengo, mwanangu," shangazi alisema, uso umemnawiri. "Hapa shanga, hapa uchi. Mie nikakujazia. Haya, hajapendeza?"

Alipendeza kweli, ila hakuwa tena atomi ya kaboni, elektroni zimezidi nne. Nilitaka kumwambia, nikaiona ile mikono yake iliyokesha ikifunga shanga. "Kapendeza, shangazi." Akaufunika mfano kwa kawa na kusema ataubeba mwenyewe mpaka shule, mie mikono yangu ya haraka.

"Shikamoo, mama," mwalimu alimpokea mlangoni.

"Marahaba, mwanangu." Akafunua kawa taratibu, kama anamfunua bibi harusi.

Mwalimu akahesabu kwa kidole, akarudia. "Hii si atomi ya kaboni. Kaboni ana nne huku nje. Nani kaweka nane?"

"Kaboni wa harusi huyo, mwalimu!" mwanafunzi mmoja akapaza sauti, darasa likaangua kicheko. Nikaiona kemia inanipita hivi hivi. Shangazi alikuwa kando yangu, kawa mkononi, hacheki.

"Mimi, mwalimu," nikasema.

"Muongo huyo!" shangazi akadakia. "Yeye aliweka nne. Mie ndiye niliyemjazia. Kwani mapengo ya nini?"

Mwalimu hakukasirika. "Hapo penye nafasi, mama, ndipo anaposhikana na wenzake. Sukari, mafuta, hata sabuni, zote zina kaboni aliyeshikana na wengine. Ukimjazia zikatimia nane, hana haja na mtu."

"Ala! Kumbe nimemfanya mkiwa." Shangazi akainama, akaanza kukata uzi kwa meno, shanga moja baada ya nyingine, mpaka zikamtoka nne.

Mwalimu akanigeukia. "Na ndani kwa nini mbili?"

"Duara ya ndani haina nafasi zaidi ya mbili, mwalimu."

"Basi umo. Kidato cha tatu, kemia."

Akauchukua mfano na kuuweka juu ya meza, upande wa waliofaulu. Shangazi alikuwa keshafika mlangoni, akageuka.

"Mwalimu, msogeze basi karibu na mwenziwe. Mbona umemweka pekee?"

Mwalimu akacheka, akamsogeza kaboni wangu mpaka waya wake ukagusana na wa oksijeni ya jirani.