Mashua ya Marhoun Yenye Matundu

Mume wangu, Marhoun bin Humaid, hajafanya jambo la kuandikwa gazetini. Amezaliwa Unguja mjini, akaletwa Oman na wazee wake angali mtoto, akasoma, akaajiriwa kwenye mitambo ya kuchuja maji ya bahari hapa Sur, akastaafu. Ana kisukari, anapenda mpira, na mpaka leo hajui kufunga mlango wa friji. Namwandika kwa sababu watu wa Aija, mtaa wa hapa Sur, wamelicheka jambo lake moja, nami nimechoka kukisikia kicheko chao dukani na harusini. Anayetaka kucheka na asome kwanza.

Nianze na dada yake, Ghalia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa wakati familia inafunga mizigo kuhamia huku. Bibi yao alikuwa Pemba, mzee asiyeweza tena kusafiri. Mama yao, Bi Aliya, akamwambia Ghalia aende akamuage, maana wakishaondoka hawatamwona tena. Ghalia hakutaka. Alikuwa na nguo za watu anashona, na bahari ilikuwa chafu wiki ile. Bi Aliya akamshikilia mpaka akakubali.

Akaenda, akamuaga bibi yake. Wakati wa kurudi, chombo cha abiria alichopanda kikaharibika katikati ya safari, kikaanza kulala ubavu. Kilikuwa na mashua moja ya kuokolea watu. Mabaharia wakaishusha, wanawake wakatangulizwa, na Ghalia alikuwa miongoni mwao. Likaja wimbi moja likaingia ndani, mashua ikajaa, ikaenda chini na watu wake kama sufuria iliyotupwa kisimani. Sasa sikilizeni jambo linalonichoma mimi: waliobaki kwenye chombo kikubwa, wengi wao waliokotwa wakiwa hai. Waliokufa ni wale waliookolewa.

Msiba ulipowekwa, kila aliyeingia alisema neno moja, kudra. Kudra ya Mungu naiamini, nasali na kufunga kama wenzangu. Ninachokichukia ni mtu aliyezembea kujificha nyuma yake, na jamaa wote kumsaidia kujificha kwa kuona ndiyo adabu.

Tena kudra yenyewe haikumwingia Bi Aliya. Kinywani alisema alhamdulillah, lakini moyoni alishajihukumu. Mimi nimeolewa katika nyumba ile zaidi ya miaka thelathini. Nimetoka Tabora, na mama mkwe wangu hachoki kunitania kwamba Kiswahili changu kina vumbi la bara. Mnajua mama wa Kizanzibari alivyo kwa kutuma watu: wewe nenda kaniletee, wewe pita kwa fulani, wewe kanisalimie mtu. Bi Aliya sijamsikia hata mara moja akimwambia mtu nenda. Mtoto akimuuliza aende dukani, humjibu, "Mwenyewe wajua." Watoto wangu waliposafiri kusoma, alijifungia chumbani ili asiwepo wakati wa kuaga. Mwanzoni niliona ni baridi ya moyo, nikamchukia kidogo. Marhoun ndiye aliyenieleza.

Miaka michache kabla ya kustaafu, Marhoun na wenzake kazini walipelekwa kwenye mafunzo ya usalama baharini. Mwalimu, katika kupitisha saa, akawaonyesha picha za mashua za kwanza kabisa zilizoundwa makusudi kuokoa watu wa vyombo vilivyovunjika. Zina zaidi ya miaka mia mbili, za Uingereza. Mmoja wa watu walioanzisha jambo hilo hakuwa hata baharia, alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Walichofikiri ni kwamba maji yataingia tu, bahari ikitaka kuingia haizuiliki, basi iundwe mashua ambayo hata ikijaa haizami. Kingo zikavishwa yale magome mepesi ya kutengenezea vizibo vya chupa. Mbele na nyuma yakatiwa masanduku yaliyozibwa, ndani hewa tupu. Baadaye wengine wakainua sakafu ya ndani ikawa juu kuliko usawa wa bahari, wakapitisha mabomba kutoka sakafuni mpaka chini ya mashua, maji yakiingia yateremke yenyewe yarudi yalikotoka.

Siku hiyo Marhoun alirudi nyumbani akakataa chakula. Alikaa na kofia yake mkononi, nikamuuliza kuna nini.

"Nada, walikuwa wanajua," alinambia. "Bibi yangu hajazaliwa, watu wanajua. Ghalia walimpandisha kwenye sufuria na huku watu wanajua."

Tangu hapo sikuwa na mume, nilikuwa na fundi wa mashua. Alipostaafu tu akaenda kwa Soud, Msuri mwenye banda la kuundia vyombo pale Aija, akamwomba waunde mashua ya namna ile. Soud ni mtu mwema, nasema hivyo japo sijamsamehe. Ameurithi ufundi kwa baba yake, na anaunda kwa jicho bila karatasi wala vipimo vya kuandika. Michoro ya Marhoun aliitazama kwa heshima, akaiwekea kopo la misumari juu yake isipeperuke, na hakuitazama tena. Hata hivyo umbo alilipata sawasawa, ncha mbele na ncha nyuma, mkuku, ule uti wa chini, umepinda kidogo. Masanduku ya hewa aliyakubali. Magome aliyacheka, kisha akayafunga vizuri kuliko Marhoun alivyotaka.

Ugomvi ulikuwa kwenye mabomba. Kumwambia fundi wa Sur atoboe chini ya mashua aliyoiunda mwenyewe ni kama kumwambia muozeshaji aanze kwa talaka. Marhoun alimweleza kwa Kiarabu, akamweleza kwa ndoo na beseni, akamletea na video. Mwisho Soud akatoboa. Lakini alitoboa akiwa amenuna, na Marhoun, kwa wema wake wa kijinga, akadhani kununa ndiko kukubali.

Kwa nini alikuwa anaiunda, hakumficha mtu. Hakutaka kuiuza wala kuiweka maonyesho. Alitaka mama yake, ambaye sasa miguu imeshindwa na anakaa Ibra kwa mdogo wake Marhoun, Yaqoob, aletwe Sur aone kwa macho yake mashua imejaa maji na watu wamo na haizami. Yaqoob alikataa katakata. Walirushiana maneno kwenye simu mpaka nikamnyang'anya mume wangu simu. Yaqoob alikuwa anasema bi mkubwa ameshatulia na kudra yake, kwa nini wamtoneshe donda, na mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa Yaqoob. Nilimuuliza Marhoun amwonyeshe ili iweje, Ghalia hatarudi.

"Ajue si yeye," alisema. "Asife na lile."

Nilikasirika. Kwa wiki nzima niliongea naye mambo ya chumvi na sabuni tu. Mwisho niliwasha gari mwenyewe tukaenda Ibra kumchukua mama.

Yaqoob alitupokea kwa uso wa kuazima. Nikampa mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama vumbi limeshanitoka ulimini. Marhoun akamwambia tunakwenda kuangalia mashua yake ikitiwa majini. Hakuuliza mashua ya nini. Alijua, mtu mzima yule, kila kitu hufika masikioni mwake. Njia nzima kupita Al Qabil mpaka baharini alitazama nje ya dirisha na tasbihi mkononi.

Sasa sikilizeni aliyoyafanya Soud. Kwa mafundi wa Sur, chombo kikitoka bandani, mwenye kukiunda hukipitia mara ya mwisho peke yake kabla hakijagusa maji, kila maungio, kila tundu la msumari. Hakuna anayemuuliza katika kazi hiyo, ni heshima yake. Sisi tulipokuwa Ibra, Soud aliipitia mashua yetu. Akafika kwenye matundu ya mabomba. Akawafikiria watu watakaokuja kutazama, akamfikiria baba yake, na roho ikamkataa. Akachukua pamba, akaichovya kwenye sifa, mafuta ya papa, akayakalafati, akayaziba yote, juu na chini, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Kisha akavaa dishdasha safi akaenda kusimama ufukweni.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, na nusu ya Aija ilikuwa pale kwenye hori wanaloliita khor, simu juu. Marhoun alipanda mashuani na vijana wa ukoo na wa jirani, wamejaa viti vyote, wamevaa maboya. Nikamtelemsha mama mkwe garini, nikakisogeza ukingoni mwa maji kile kiti chake cha magurudumu. Pampu ikawashwa kutoka ufukweni na maji yakaanza kumiminwa ndani ya mashua. Marhoun alikuwa anatuangalia sisi, anatabasamu kama bwana harusi. Maji yakafika miguuni, yakafika magotini. Akanyoosha mkono pampu izimwe, akasubiri yashuke.

Hayakushuka. Akawaashiria wawashe tena, labda uzito hautoshi, na maji yakawafika kiunoni, mashua ikashuka mpaka kingo zikalingana na bahari. Watu wazima wamekaa safu mbili ndani ya beseni, kanzu zinaelea. Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote wakacheka. Marhoun akainama akapapasa chini ya maji, akainua mkono ukiwa na donge la pamba.

Mume wangu si mtu wa kelele. Watoto nimewafokea mimi. Siku ile alisimama katikati ya maji akamwita Soud kwa jina lake tupu, akamwambia mbele ya watu wake kwamba amemuua dada yake mara ya pili. Soud hakufoka. Alijibu kwa Kiarabu, kwa upole, kwamba alikubali masanduku na alikubali magome, lakini katika nyumba yao haijapata kutoka mashua yenye matundu, na alifanya kwa mapenzi. Watu wakazidi kucheka. Nilitamani kumsukumia Soud majini na dishdasha lake, na wapiga picha wote wamfuate.

Katika zogo lile nikasikia navutwa mtandio.

"Nada," alisema mama mkwe wangu, "imejaa ile?"

"Imejaa, mama."

"Na watu wamo."

"Wamo wote."

"Mbona haizami?"

Nikamwangalia Bi Aliya, kisha nikaiangalia mashua, na ndipo na mimi nikaona. Sote tulikuwa tunatazama maji yasiyotoka. Mashua ilikuwa imejaa pomoni, watu tele ndani yake wanafokeana na kusukumana, na ilikuwa imekaa pale pale. Nikamweleza masanduku ya hewa. Nikamweleza magome. Nilieleza ovyo, kwa Kiswahili changu cha vumbi, naye alinisikiliza bila kunitania.

Marhoun akaja kwa miguu ndani ya maji, amelowa mpaka kidevuni, analia kwa hasira bila kujificha. Akapiga magoti mbele yake akaomba radhi, kwamba ilikuwa itoe maji yenyewe, kwamba wamemzibia, kwamba ataizibua na atamleta tena.

"Hebu nyamaza," alisema Bi Aliya. "Kitu hichi watu wanajua kukiunda tangu lini?"

"Miaka mia mbili, mama. Na zaidi."

"Na yule mwenye chombo?"

"Angeuliza, angejua. Hakutaka kuuliza."

Nilimshika bega nikingojea alie, na nilishajiandaa kulia naye. Nilidhani litakuwa jambo la kushusha pumzi, mzigo umetoka, alhamdulillah, turudi nyumbani tunywe chai. Yaqoob naye, nina hakika, ndivyo angetaka niandike. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua kabati leo akakuta ameibiwa zamani.

"Mie miaka yote n'najua nimemuua mie," alisema. "Kumbe kauliwa."

Marhoun akamshika mikono. Yeye akaitoa.

"Alikuja msibani siku ya tatu, yule mwenye chombo. Wewe mdogo, hukumbuki. Kaleta gunia la mchele, kakaa ukumbini, kasema, Bi Aliya, hii kudra. Mie nikamtilia kahawa kwa mkono wangu. Nikamwambia ahsante. Yu hai?"

"Kafa, mama. Zamani sana."

"Basi kafa na ahsante yangu," alisema Bi Aliya. "Na mie naitaka irudi."