Chandarua Kilichofichwa Sandukuni

Mkunga wa zahanati moja karibu na Tamale, kaskazini mwa Ghana, hakuamini koo la mtu. Kila mjamzito alimeza vidonge vyake vitatu vya malaria mbele yake, kisha akaamriwa, “Fungua mdomo. Inua ulimi,” huku mkunga akigongagonga meza kwa kalamu iliyokwisha wino. Mikono yake ilikuwa mikavu, yenye harufu ya dawa, na mguno wake mmoja ulitosha kumtia mtu haya. Siku hiyo ulimwangukia Sanatu, mke mpya mwenye mimba ya kwanza na homa ya pili ndani ya mwezi.

“Chandarua nilichokupa kiko wapi?”

“Sandukuni, mama.”

“Mbu wanalala sandukuni?”

Sanatu akainama. Shangazi wa mumewe, ambaye kwa desturi ndiye mtangazaji, alikuwa hajaitangaza mimba mbele ya ukoo, na kabla ya hapo ni mwiko hata kuitaja. Vile vyandarua vyeupe vipya vya zahanati, kila mtu alijua hupewa wajawazito tu. “Shangazi wa mume wangu bado hajasema kitu. Nikikitundika, nimejitangaza mwenyewe.”

“Na huyo shangazi anangoja nini, mtoto aote meno?”

“Anangoja mavuno.”

Mkunga akaguna. Asubuhi nzima alikuwa akiwafokea wanawake wasichafue vyandarua. Sasa akatoa kipya kabatini, akakitupa uani, akakikanyaga kwa ndara zake na kukiburura vumbini mpaka kikafanana na tambara la jikoni. Akakikung’uta, akamwekea Sanatu mapajani.

“Haya. Hiki hakina mimba. Kitundike leo.”