Kisu cha Mpini Mtupu

Kisu cha baba kilinuka mafuta ya ng'ombe, moshi na kutu iliyofutwa. Kilikaa chini ya kitanda chake katika nyumba yetu ya Kamembe, na hata leo nikifungua boksi la visu vipya dukani kwangu, pua yangu hukitafuta kile cha zamani na kukikosa. Kilikuwa cheusi, kizito, chenye sura mbaya. Mhunzi mmoja wa Bugarama alikifua kutoka springi ya lori, akaacha chuma kipite katikati ya mpini mpaka mwisho, kisha akabana vipande viwili vya mti kwa misumari mitatu. Baba alikuwa mchinjaji, na hakuwahi kutumia kingine. Mimi nilikionea haya. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja mwenye kiburi cha bure, nikitaka baba yangu aonekane na kitu kinachong'aa mbele ya majirani.

Kiangazi kile kaka yangu Idi, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alirudi kutoka mpaka wa Rusizi ya Kwanza, kwenye daraja la kwenda Bukavu, alikokuwa akibeba mizigo ya wafanyabiashara, na kisu kipya kiunoni. Alitaka kwenda kutafuta kazi ya kufyeka njia katika msitu wa Nyungwe, na kisu hicho ndicho alichokuwa akijiandalia. Jamani, kiling'aa! Mgongoni kilikuwa na meno ya msumeno. Mpini wake wa duara ulikuwa na kifuniko cha kufungua, na ndani mlikuwa na njiti za kiberiti, uzi na ndoana. Juu ya kifuniko palikuwa na dira ndogo. "Hii iko kisu ya basoda," Idi alituambia, yaani ya wanajeshi. "Na hii, muntu analala mu pori mwezi muzima." Akanyoa nywele za mkono wake, akakata karatasi hewani, nasi batoto bote, kama tulivyosema kwetu, tukapiga makofi. Baba alikichukua, wala makali hakuyatazama. Alipiga mpini kwa ukucha, akasikiliza. "Iko mutupu," akasema. "Chuma inaishia hapa, penye inaingia. Kunyoa nywele, hata wembe inanyoa. Utaweka maisha yako juu ya kopo?" Idi alinuna, akakificha chini ya mto wake na kunionya nisikiguse. Mimi nikaona baba ana wivu tu. Kizuri chajiuza, na kile kilikuwa kimeshajiuza kwangu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi ambayo baba hakuivunja hata mara moja: mnyama asione kisu. Hakikunolewa mbele yake wala hakikubebwa wazi. Baba alikinoa siku moja kabla, na asubuhi ya Sikukuu ya Kuchinja mimi ndiye niliyekifunga katika kipande cha kitenge na kumletea. Alikipokea kwa nyuma, mgongoni, bila kugeuka, akakiweka chini ya kanzu. Kitambaa kilitoka pale tu mkono ulipofika shingoni. Asubuhi ile baba na Idi walikuwa uani tangu watoke kuswali, wakipambana na kamba. Niliingia chumbani peke yangu. Nikatoa kisu cha Idi chini ya mto, nikakifunga mimi mwenyewe, na cheusi nikakiacha palepale chini ya kitanda. Nilifurahi sana. Nikawaza jinsi watu watakavyoguna kwa kustaajabu.

Fahali alikuwa mwekundu, ametoka Gitambi, na wanaume sita walimlaza akielekea kibla. Baba akakipokea kwa nyuma kama kawaida, macho yake kwa mnyama, kitambaa kikatoka shingoni, akasema bismillahi, akakata. Ngozi ya shingo ya fahali si karatasi. Kisu kiliingia nusu, kikayumba, kisha nikasikia mlio mkavu kama kijiti kinavunjwa. Mpini ulibaki mkononi mwa baba, bapa likabaki katika nyama, na mkono wake, kwa nguvu ileile aliyokuwa akikatia, ukateleza juu ya makali. Vidole viwili vikaning'inia. Damu yake na ya mnyama zikaruka pamoja mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Fahali akanguruma, akapiga teke, kamba zikawatoka watu, akasimama na shingo yake wazi. Alimbeba jirani yetu Mzee Saidi kwa pembe na kumbamiza ukutani; nilisikia mbavu zake. Wanawake walipiga kelele, maman, mama yetu, akawavuta wadogo zangu ndani. Mimi sikuweza hata kukimbia. Ndipo Idi alipoingia chumbani na kutoka na kisu cheusi. Aliruka shingoni mwa yule mnyama, akamkumbatia pembe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakata mara moja tu, mpaka mfupani. Fahali alianguka naye. Idi aliinuka mwekundu toka kichwani hadi miguuni, akimtazama baba.

Baba aliuona ule mpini wenye dira, uko chini kwenye matope ya damu. Maman alikuwa amemfunga mkono kwa kanga, naye akaokota kamba ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Alimpiga Idi usoni kwanza, kisha mgongoni, kisha popote. "Kisu ya nani? Sema, kisu ya nani?" Idi alisema, "Ya miye, papa." Hakusema zaidi. Alinitazama mara moja kati ya mapigo, na nilijua kuwa ameelewa. Nilifumba mdomo. Kamba ilimchana sikio, na bado nikafumba mdomo. Maman ndiye aliyejitupa katikati, naye akapata mapigo mawili. Jioni ileile Idi alivuka daraja kwenda Bukavu, na hajawahi kurudi kulala kwetu.

Sasa nina duka la vifaa, na vijana wanaoongoza watalii msituni huja kwangu kutafuta kisu cha bei ndogo. Hunicheka. Mimi sijaribu makali, kwa maana makali hupatikana kwenye jiwe lolote. Napiga mpini kwa ukucha. Nauliza chuma kinaishia wapi. Naushika kwa mkono uliolowa maji ya sabuni nione kama utateleza. Meno ya msumeno mgongoni nayaita mapambo ya harusi. Cha rahisi si kibaya, nawaambia. Kibaya ni kile kinachokuficha mahali kitakapovunjikia.

Mwezi uliopita nilimtilia baba maji ya udhu kwenye ule mkono wa vidole vitatu, nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia yote. Hakushtuka.

"Nilijua, mama," akasema. "Asubui yote Idi alikuwa na miye kwa ng'ombe. Nani mwengine angefunga kile kitambaa?"

"Sasa juu ya nini ulimupiga yeye?"

Aliukinga ule mkono mpaka maji yakaisha kwenye birika. "Alisimama pale na kisu yangu mu mukono. Alimaliza kazi yenye ilinishinda, mbele ya bantu."

Hasira ni hasara, husemwa, lakini hasara ile hatukuilipa sisi wawili, aliilipa Idi. Nilimkasirikia baba, nikajikasirikia zaidi, maana yeye alipiga siku moja na mimi nimenyamaza miaka yote hii. Kisha akaniambia nitoe kile kisu cheusi chini ya kitanda na kumpelekea Idi. Nilimwambia mpakani hawatanipitisha nacho. "Basi enda bila kisu," akasema.

Kwa hiyo kesho navuka Rusizi ya Kwanza mikono mitupu. Nina sentensi moja tu ya kumwambia kaka yangu, kwamba nilinyamaza ilhali kosa lilikuwa langu, na sina ukucha wa kuupigia mpini wa sentensi hiyo nijue kama ni mtupu.