Msiba wa Mtu Aliye Hai

Mjukuu wangu anacheza raga huko Australia, raga ile ya watu kumi na watatu. Ipo na ya watu kumi na watano, ndiyo aliyoanza nayo hapa Mwanza na baadaye Nairobi, lakini inayomlisha sasa ni hii. Nimeieleza kwa watu wengi hapa Pasiansi, mpaka wengine wakiniona kwa mbali wanabadilisha njia. Mtu anakumbatia mpira, anakimbia kwenda kujigonga kwa wanaume wenzake. Wanamwangusha. Anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauchukua, naye anakwenda kujigonga. Wakiangushwa mara sita, mpira unakuwa wa wale wengine. Basi. Mimi niliishia darasa la tatu na nimeelewa.

Nilimlea mwenyewe. Mama yake, kitinda mimba wangu, aliolewa Geita na mwanamume asiyetaka mtoto wa nje, akaniletea mtoto hajaota hata jino. Wakati huo nilikuwa nakaanga mapanki barabarani. Viwanda vinatoa minofu ya sangara, minofu inapanda ndege, sisi tunaachiwa kichwa na mifupa. Kijana alikula mapanki asubuhi, akala mchana, akala na usiku. Akaota shingo kama ya ndama. Siku hizi watu wananiuliza nilimlisha nini. Nawaambia nilimlisha mifupa, wanadhani nawaficha dawa.

Kwetu mjukuu wa kiume anamtania bibi yake kuwa ni mke wake. Huyu wangu aliushika utani huo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Akitoka shule anasimama mlangoni: "Mke wangu, mbona chakula hakijaiva, unataka nioe mwingine?" Namwambia oa, nipumzike, miguu yako inanuka. Alipoondoka sikujua kwamba utani huo ndio utakaonikosesha usingizi. Nilidhani nitakosa mtu wa kunipandishia maji huku juu kwenye mawe. Maji yanapanda, kuna vijana wa mikokoteni. Mtu wa kunitania hapandishwi na mkokoteni. Nilikuwa nazungumza na redio. Ndizi nilipika sufuria ileile niliyoizoea tangu Bukoba, maana sijui kupika ndizi za mtu mmoja, halafu nazila siku mbili, tatu, mpaka zinakuwa nyeusi na mimi nakuwa na hasira.

Timu ya huko ilimchukua kwa mwaka mmoja wa kumwangalia. Mwisho wa msimu wangesema abaki au aondoke. Aliniambia kwenye simu, "Wakinikataa, bibi, narudi kwako." Nikamwambia watakukataaje, una kichwa kama lile jiwe la Bismarck pale ziwani. Nikakata simu nikakaa kitandani. Nilitaka wampende. Nilitaka pia wamkatae. Vyote viwili vilikaa ndani yangu kama paka wawili kwenye gunia moja, na sikumwambia mtu.

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nashuka kwa kinyozi wa hapo chini. Huko kwao inakuwa mchana, wanacheza. Kinyozi anaitafuta mechi kwenye simu yake, ananikalisha kwenye kile kiti kinachozunguka, na wanaume wenye vichwa nusu wanasubiri. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumamosi moja mjukuu wangu alichukua mpira karibu na mstari, akaenda. Watatu wakamdaka. Mmoja miguu, mmoja kiuno, na wa tatu akaja na bega lake lote hapa, penye shingo. Wale watatu wakainuka. Yeye hakuinuka. Wakaja watu na machela, wakamfunga shingo, wakamfunika blanketi mpaka kidevuni. Halafu bando likakata. Picha ikaganda hapohapo, blanketi na kidevu. Kinyozi akawa anaitikisa simu kama chupa ya dawa.

Nilipanda mlima mikono kichwani, nalia kwa sauti. Jirani yangu, mama wa Kisukuma kutoka Magu ambaye tumegombana naye na kupatana mara nyingi, alinisikia akiwa anaanika nguo. Hakuuliza. Alijifunga kanga kiunoni akakipokea kilio, na wa nyumba ya tatu akakipokea kutoka kwake. Kwetu huulizi kwanza. Unalia, maelezo yanakuja baadaye.

Jua halijapanda sana, turubai lilikuwa limefungwa kwenye mwembe wa jirani na nguzo ya umeme. Viti vikaja. Wanawake wakawasha moto nje, mwingine akaleta maharage, wa jumuiya ya kanisa wakaanza nyimbo. Wanaume wakakaa upande wao wakizungumza jinsi mwili unavyosafirishwa kutoka ng'ambo. Mmoja alisema ndege itatua hapa hapa Ilemela, mwingine akasema lazima Dar kwanza. Wakahamia kwenye mahali pa kuzika. Wengine walitaka Mwanza, eti ndiko alikokulia. Jirani akawakatiza kwamba Mhaya anazikwa mgombani kwao Bukoba, wasiwe wajinga. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nawasikia wakimgawana mjukuu wangu, nikawa nawaza nguo gani nivae.

Simu ikalia kifuani mwangu. Nikaitoa nikijua ni mkubwa wa ile timu, anataka kunipa pole.

"Mke wangu, shikamoo. Mbona kelele? Umeolewa?"

Nilinyoosha simu juu ili wamsikie. Nyimbo zikakatika katikati ya neno. Mtu mmoja upande wa wanaume akasema taratibu, "Sasa maharage haya?" na wakaanza kucheka, kwanza wachache, halafu wote, jirani akicheka huku machozi yanamtiririka. Akaeleza kwamba ni mtulinga tu uliovunjika, mfupa wa hapa begani. Shingo nzima. Nikamwambia kelele ni za wageni tu, nikamkatia.

Walikula maharage wote. Chakula cha msiba hakirudishwi. Siku ile nyumba yangu ilijaa mpaka mawe ya nje yalikaliwa, na nakwambia ukweli, nilifurahi kujaa kwake.

Walipoanza kukunja turubai, jirani alinivuta pembeni. Akasema jambo hili halijaisha. Kwao mtu aliyeliliwa akiwa hai sharti aje mwenyewe, avuke majivu ya ule moto, ale na waliomlilia, wamwone kwa macho. Asipokuja, kile kilio kinabaki kinamtafuta.

"Mwambie," akasema. "Hilo hawezi kulikataa. Atakuja."

Nikajua anaijua hamu yangu. Sikuwahi kumwambia, lakini ukuta wetu ni mmoja.

Siku ya pili mjukuu akapiga tena. Sauti ilikuwa ndogo. Timu imemwambia akibaki watamtibu, na msimu mpya ukianza watamwangalia tena na wenzake. Akiondoka sasa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Anaweza kupanda ndege wiki hii. Chumba chake ni baridi, mkono hauinuki, hata shati havai mwenyewe. Jengo zima hakuna anayemjua. "Naongea na televisheni, bibi," akasema. "Niambie wewe. Nirudi?"

Maneno ya jirani yalikuwa yameshakaa kwenye ulimi. Yalikuwa ya kweli, wala nisingekuwa nadanganya. Ningesema tu tumekulilia, njoo uvuke majivu, na angekuwa mlangoni pangu kabla mwezi haujaisha, bega limefungwa, akiniuliza chakula.

"Unataka kucheza au hutaki?"

Nilisikia anapumua.

"Nataka, bibi."

"Basi unaniuliza nini? Kaa huko upone. Na shati ukishindwa, lala nalo."

Akacheka, akalia, sikujua kipi kilitangulia. Nikamwacha amalize. Kisha nikaenda kwa jirani kumwambia kwamba kijana haji, na sikumweleza habari ya msiba, na asije akamweleza. Alinitazama kama nimemtemea mate uani. Akasema sisi Wahaya tunajifanya tumesoma. Nikamwambia mimi nimeishia la tatu, asinisingizie. Akauliza kilio kile nitakipeleka wapi. Nikamwambia nitakuja kukichukua mwenyewe, aniandalie majivu.

Jumapili iliyofuata nikapika ile sufuria kubwa ya ndizi, na mapanki ya kukaanga, nikawaita wote waliolia. Majivu yalikuwa bado pale nje, jirani alikuwa ameyazungushia mawe kuku wasichakure. Nikavua viatu. Jirani akanishika mkono, akasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba anayevuka hapa ni yule kijana. Nikavuka. Wakanikalisha kwenye kiti, siyo mkekani, wakanipakulia wa kwanza, sahani ya kijana, imejaa mpaka inamwagika. Mwanamke mmoja akaniambia, "Karibu nyumbani, baba, umenenepa." Wakacheka. Nikaila ile sahani yote. Nilishiba mpaka nikaumwa, lakini sikuacha kitu, maana yeye haachi.

Walikaa, wakazungumza habari za mvua na za mtoto wa nani ameolewa. Jua lilipoanza kugusa ziwa wakainuka mmoja mmoja, kila mtu ana nyumba yake. Jirani aliondoka wa mwisho, akabeba na sufuria yake.

Nikamwaga maji kwenye beseni, nikaanza kuosha sahani. Zilikuwa nyingi, na niliziosha polepole.