Yasini Niliyoisoma Mlangoni

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayesitiri aibu zetu hata tunapozitangaza wenyewe.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mwanangu Bakari kutoka Msambweni hadi kliniki moja Mombasa. Ana saratani, na kesho yake alikuwa aanze dawa kali. Aliniambia tu kwamba ana kipimo. Haya ilimzuia kusema zaidi.

Aliingia chumbani na kikopo, akafunga mlango. Akakawia. Nikadhani amelemewa na hofu, basi nikasogeza kiti mlangoni nikamsomea Yasini kwa sauti. Nilipomaliza alikuwa bado hajatoka. Nikainua mikono nikaomba dua, na wagonjwa waliokuwa wakingoja wakaitikia amina. Kisha nikagonga. "Bakari, jikaze mwanangu. Sote tuko nawe."

Muuguzi akaja mbio. Alisema kwa sauti ya chini, lakini ukumbi mzima ulikuwa kimya.

"Shikamoo mzee. Mwanao anatoa mbegu za uzazi tumhifadhie, maana dawa zaweza kuziharibu. Asipoziweka leo, huenda asipate mtoto tena. Nawe umemwekea maulidi mlangoni."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungekuwa wewe, ungemwambia babako?"

Kutoka ndani Bakari akasema kwa upole, "Baba, dua naihitaji sana. Ila kaniombee msikitini."

Nikaondoka nimeinama, na wale wa amina wakitazama sakafu. Niliporudi, kikopo alikuwa ameshakikabidhi, na alikuwa akicheka.

Nawe usomaye, Mungu akupe afya, na wazao watakaokucheka kwa heshima.