Mdiria Asiyeruka

Nichekeni tu, nimeshazoea. Shamba la mkonge kule Kilosa lilipouzwa kwa mwekezaji, mimi karani nikapunguzwa kazi. Nikahamia Mikumi, nikamdanganya mama mwenye gesti kwamba ndege nawajua wote. Akanipa kamera na kuniagiza picha ya mdiria, yule ndege wa buluu anayezamia samaki, aitundike mapokezi ivutie watalii.

Siku ya tatu kijitoni nikamwona kwa mbali, katulia juu ya kijiti. Nikamaliza mkanda mzima, naye hakutikisa hata unyoya. Nikajisifu kwamba kanizoea. Mzee anayeuza vinyago barabarani akateremka kuelekea pale, nikamfukuza kwa mkono, bila hata salamu. Akarudi zake.

Picha ilipotundikwa nikawahutubia wageni juu ya subira ya mdiria, mama akitabasamu. Yule mzee akaingia na kapu lake, akaitazama picha, akanitazama mimi. Shikamoo niliyomnyima kijitoni ikanitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu." Akatoa kapuni mdiria wa mti, akamweka mezani mbele ya wote. "Siku ile uliponifukuza, rangi yake ilikuwa imeshakauka."