Kichwa cha Yangzom

Mzee Angrup nilimtukana sana, sifichi. Nilimtukana siku kumi mfululizo kutoka kwenye meza yangu ya chai, na kila neno alistahili, lakini halikumsaidia yeye wala Yangzom, yaki wake, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu.

Yangzom alikuwa na miaka ishirini na kitu. Marehemu mke wa Angrup ndiye aliyemlea tangu akiwa ndama, akimlisha uji wa shayiri kwa mkono. Mke alipofariki, mzee akabaki na mnyama huyo tu. Kila majira ya baridi alimpandisha hapa Solang, juu mlimani, kamvisha tandiko jekundu na kengele, na wageni wa kutoka tambarare wakalipa kumpanda wapigwe picha kwenye theluji. Miaka kumi na saba alifanya kazi hiyo hiyo.

Mwaka huu yaki akaanza kukohoa. Daktari wa mifugo akasema apumzishwe zizini wiki mbili, la sivyo atakufa. Sasa sisi wa hapa juu tuna kanuni yetu: ukiacha nafasi yako ya biashara siku saba, anaingia mwingine, na wanaoisubiri hawahesabiki.

"Leo tu, dada," Angrup akaniambia. "Kesho nampumzisha."

"Jana si ulisema hivyo hivyo?"

"Jana wageni walikuwa wengi."

"Na leo?"

"Leo wamezidi."

"Huna haya, mzee wewe! Hata mkeo angekuwa hai ungemfunga kengele!"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililokuwa likinikera zaidi.

Jumapili theluji mpya ilifika magotini. Asubuhi, watu ndio kwanza wanashuka kwenye magari, Yangzom akapiga magoti, kisha akalala chini kabisa. Wageni nao, loo, wakashangilia!

"Tazameni, kafundishwa kukaa!"

Wakapanga mstari, maharusi wapya na makoti yao ya kukodi, kila mmoja akifurahi kwamba leo atapanda bila kuogopa kuanguka. Angrup akapiga goti pembeni, akashika pembe moja, akakiinua kichwa kielekee kamera. Mwingine akashuka, mwingine akapanda. Na mimi je, mwenye mdomo wangu? Niliwauzia chai wote waliosimama kwenye mstari ule. Msimu mzima sikuwa nimeuza vile.

Mchana mstari ukaisha. Akaja bibi mmoja peke yake, mtu wa tambarare, kajitanda shali mbili. Hakutaka kupanda. Alisimama tu akimtazama Yangzom.

"Kaka, mbona huyu hatoi mvuke puani?" akauliza.

"Kalala, mama."

"Sisi sote hapa tunatoa mvuke. Yeye hatoi."

Angrup akanitazama mimi, utadhani mimi ndiye wa kujibu. Nikaanza kupangusa vikombe. Basi akasema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amekufa, mama. Amekufa asubuhi, yule bibi harusi wa koti la kijani akiwa mgongoni. Nikasema acha amalizie picha yake. Kisha akaja mwingine. Kisha mwingine."

Bibi akaziba mdomo kwa shali, akaondoka akiteleza kila hatua.

Nikamwendea Angrup na tusi kubwa tayari mdomoni. Alikuwa bado kashika pembe, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, wala hayafuti.

"Nisaidie, dada," akasema. "Vidole vimekufa ganzi, havifunguki."

Nikapiga magoti nianze kuvibandua.

"Hapana, kishike kichwa kwanza. Kisije kikaanguka."

Nikakishika kwa mikono miwili, na bado kilinielemea. Yeye alikuwa amekishika kwa mmoja, tangu asubuhi.